Kereng'ende wa Kijito cha Msituni

Mume wangu alifariki Msambweni kwa malaria, mwaka ule wa mvua za El Nino. Hoteli ya Diani nilikokuwa nikitandika vitanda ilikuwa imeshafungwa kwa kukosa wageni, kwa hiyo nilikaa eda kwa mama yangu, Kwale. Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa kanga nyingine, na sikuona tofauti yoyote.

Mjomba wangu alikuwa askari wa msitu. Akaniambia, "Kuna mwalimu wa chuo kikuu amekuja kutoka Nairobi kutafuta kereng'ende. Njoo umpikie, angalau utoke ndani."

Nikaenda. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Kila asubuhi aliketi ukingoni mwa kijito, miguu majini, akingoja. Nami niliketi naye, maana nyumbani palikuwa na watu wa kunipa pole.

Asubuhi moja akanikamata mkono. Juu ya jani alikuwa ametua kereng'ende mmoja mwembamba, mweusi, ncha ya mkia buluu. Yule mwalimu alikuwa akilia.

"Dada, ndiye huyu. Aina hii huishi kwenye vijito vya misitu ya pwani tu, penye kivuli. Iko hatarini kutoweka."

"Wamebaki wangapi?"

"Hakuna anayejua."

Nilimtazama yule mdudu. Nilijua ni mzuri. Sikuhisi kitu.

Mwalimu alirudi mwaka uliofuata. Miti ya pale ilikuwa imekatwa kwa makaa, na jua lilipiga maji waziwazi. Tulingoja mpaka adhana ya alasiri. Waliopita ni kereng'ende wekundu tu, wale wa kila dimbwi.

"Sasa itabidi waandikwe kwenye orodha kuwa wako hatarini zaidi," alisema.

"Kuandikwa kutawarudisha?"

"Hapana. Lakini hawatapotea bila mtu kujua."

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Mume wangu amekufa." Sikuwa nimewahi kuyatamka maneno hayo; wengine ndio walionisemea.

Hakunipa pole. Aliuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafikiri. "Alikuwa akiimba vibaya," nikasema. "Na hakujua."

Baadaye mjomba alizungumza na wenye mashamba yaliyopakana na kijito, wakakubali kuacha miti ikue tena kandokando ya maji. Kama kereng'ende wale walirudi, sijui. Nilipata kazi Ukunda, nikateremka kwenda huko.