Pikipiki ya Lami ya Lukumani

Watu wananiambia, Bibi Tatu, muache Lukumani, yamepita. Kafa? Hajafa. Yuko Gongoni kwake anaota jua. Basi nitamsema.

Mimi mama yangu mzazi sikumwosha. Wamemwosha wengine, mimi niko njia ya Isikizya nasukuma pikipiki ya mume wa mtu kwenye mchanga. Na huyo aliyenipeleka huko akaja kusema kosa ni la makalio yangu.

Lukumani alikuwa karani wa mizani. Kazi yake kupima tumbaku za wakulima. Mwembamba, akisimama ubavu unadhani ameshaondoka. Babu yake Mzaramo, alikuja na misafara ya zamani kabeba mzigo kichwani toka pwani, akachoka, akaoa hapa hapa. Na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu njia hizo hizo za mizigo. Mtani akikutukana unacheka. Akija msibani kwako akakufanyia vituko, hata akishuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, unacheka huku unalia. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu.

Sasa wakati ule wa Ujamaa watu wanaambiwa wajitegemee, wenzake wakashika jembe. Yeye akashika pikipiki. Aliinunua kwa Kurban, Mhindi wa duka la vitambaa. Dude la Kiingereza, zito, limekaa kama dume la ng'ombe lililoshiba. Kurban mwenyewe alikuwa anatoka nalo stesheni mpaka sokoni, anageuza, anarudi, maana lami yetu ilikuwa hiyo hiyo. Siku ananunua mimi nilikuwepo dukani nachagua khanga.

"Bwana Lukumani," Kurban anamwambia, "hii ya lami, bwana. Mchanga hapana taka."

"Mzee Kurban, wewe huwezi kuendesha, usisingizie mchanga."

Akaondoka nalo. Basi Gongoni hatukulala mchana tena. Akitaka chumvi dukani, hatua kumi, anawasha pikipiki. Miwani ya vumbi anaivaa mpaka msikitini. Koti la mvua kiangazi chote, jasho linamtoka, anasema ndivyo wanavyovaa waendeshaji. Mkewe, Mwanajuma, alikuwa anafua nguo zake kwa sabuni ya kukopa, pikipiki inaoshwa kwa sabuni mpya. Na kila akitoka kwenda vijijini kupima tumbaku, anarudi kachubuka. Leo goti, kesho kiwiko. Ukimuuliza, anasema mbuzi. Mbuzi wote wa Unyanyembe walikuwa na kisa naye.

Ikafika siku ya mama. Asubuhi kaka yangu Masolwa akaleta habari toka Isikizya, mama hatunaye, anazikwa baada ya alasiri. Jirani yangu Shomari akatoa baiskeli, kwenye keria akafunga sanda na gunia la mchele wa msibani, akatangulia. Mimi nikawa nangoja lori la pamba linipitie. Akatokea Lukumani na miwani yake.

"Mtani, lori? Lori litakufikisha kwenye arobaini. Panda."

Nikapanda. Tukampita Shomari, Lukumani anapiga honi kama bwana harusi. Tukaacha barabara, tukaingia njia ya zamani ya misafara, anasema ni ya mkato. Ya mkato kwa mtu wa miguu, ndiyo. Mchanga wake ukiukanyaga unakumeza kifundo. Lile dude likayumba huku, likayumba kule, gurudumu la nyuma likachimba kama mbwa anatafuta mfupa, likakaa. Nikashuka. Limekaa vile vile. Yeye akashuka. Limekaa vile vile! Mkumbuke hapo, hakuna mtu juu yake.

"Sukuma, mtani, dakika moja tu."

Nikasukuma, mchanga wote unanirukia mdomoni. Mara nasikia kengele. Shomari huyo, naye kakata njia ile ile, ameshuka, anakokota baiskeli yake taratibu.

"Tatu, nishushe mchele nikupakie?"

Yule mwingine akadakia, "Usihangaike, inatoka sasa hivi."

Nikaitazama ile sanda. Mama hawezi kuzikwa bila hiyo, na Shomari peke yake alikuwa anakokota kwa taabu. Nikamwambia, "Nenda na sanda. Wewe wahi."

Nilifika na giza linaingia, kwa miguu. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji. Hata uso wa mayo, mama yangu, sikuuona.

Siku ya kuondoa tanga, watu wamejaa, Lukumani akasimama kufanya utani wake. "Jamani, pikipiki yangu inaruka kama ndege. Alipopanda huyu mtani, ardhi ya Unyanyembe ikasema basi, huu mzigo siuwezi!" Akatembea kwa kujipanua nyuma, ananiiga. Watu wakafa kwa kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Tangu siku hiyo jina langu likawa Mama Shehena. Stesheni, sokoni, mpaka watoto. Mtu wa mizani ndiye kasema, nani atabisha?

Nikaliweka moyoni.

Ukaja mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vipya. Kwa kaka Masolwa, kule kule Isikizya, wakajenga banda la tumbaku, mkubwa toka mkoani akaja kulifungua. Lukumani akaomba atangulie gari la mgeni na bendera kwenye usukani. Mvua za kwanza zimeshanyesha. Kabla ya kijiji pana mbuga ya tope jeusi, wenye akili wanazunguka. Mgeni akasimamisha gari lake kando, anangoja aone. Lukumani akaingia. Peke yake. Na ule wembamba wake.

Lile dude lilizama mpaka injini.

Sisi wanawake tulikuwa ng'ambo tumejipanga kuimba. Masolwa akakimbilia ng'ombe. Nikamwambia, "Kaka, ng'ombe wangoje." Nikafunga khanga kiunoni, nikaingia topeni nalia kwa sauti ya msiba, "Uwiii! Marehemu ametuacha! Na alikuwa na magurudumu mawili!" Wanawake wakapokea, wakalia kweli kweli. Nikafika, nikapanda ile pikipiki, nikakaa.

"Shuka, mtani, mgeni anatazama!"

"Mtani akiingia kaburini hatoki mpaka apewe chake. Hujui?"

"Unataka nini?"

"Siku ya mama yangu, pikipiki ilizamishwa na nini?"

Akamgeukia mgeni, labda atamwokoa. Yule mzee, Msukuma, alikuwa ameegemea gari lake anafuta machozi. "Hapo mimi sina amri, bwana karani. Mjibu mwenye kaburi."

Lukumani akavua miwani. Akasema kitu kifuani.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Ilizama yenyewe! Ni nzito, ni ya lami, na mimi ni mbishi! Mtani wangu hakuwa na kosa!"

Hapo nikashuka. Ng'ombe wakafungwa kamba, wakalivuta lile dude mpaka kijijini, yeye nyuma anasukuma, tope mpaka nyusi. Wanawake wakaacha wimbo wa mgeni, wakapokea kwa vigelegele, "Shehena imefika! Shehena imefika!"

Akanifuata pembeni. "Sasa yamekwisha, mtani?"

"Yako yamekwisha," nikamwambia.

Sikukaa kula pilau la mgeni. Nikajipangusa tope miguuni, nikapita njia ya makaburini, nikampe mayo habari.