Siku Niliyomkana Kaka Yangu Uwanjani

Nyie vijana wa hapa London mtakaosoma haya, msidhani bibi yenu alizaliwa na heshima. Sikuzaliwa nayo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, hapa Thornton Heath, wajukuu wakawasha televisheni, mieleka ya sumo ya Wajapani. Wale mabonge wanarusha chumvi kuusafisha uwanja, wanapiga miguu chini, wanainamiana. Mmoja akatupwa mpaka chini ya jukwaa. Wajukuu wakacheka, na mimi nikacheka mpaka maharage niliyokuwa nachambua yakamwagika. Mara mshindi akamnyooshea mkono, akamvuta juu. Wakainamiana tena. Kisha mshindi akamkabidhi mwenzake anayefuata kuingia uwanjani kata ya maji.

Kata ile ilinirudisha kwetu.

Kwetu, baada ya mavuno, vijana walipigana mieleka. Vumbi, ngoma, harufu ya mahindi ya kuchoma. Aliyeangushwa hakuinuka mwenyewe. Alikaa palepale mavumbini mpaka dada yake amletee maji kwenye kata, anywe, anawe uso. Asipoletewa, ndiyo kusema hana kwao.

Mwaka mmoja kaka yangu aliangushwa vibaya, miguu juu. Kata ninayo mkononi. Wasichana wa kitongoji cha pili wakaniuliza, "We, huyo kaka yako au gunia la mihogo?"

Nikasema, "Simjui." Nikayamwaga maji nyuma ya mgongo wangu, nikacheka nao.

Kaka akakaa. Akanitazama, halafu akatazama chini. Ngoma zikanyamaza. Mwishowe yuleyule aliyemwangusha akaenda mtungini, akamletea.

Jioni kaka hakunisemea kwa mama. Alinimegea samaki wake kama siku zote. "Kula, mdogo wangu." Nikala. Sikumwambia pole, wala siku nyingine sikumwambia. Sasa kaka kafa, uwanja umejengwa maduka, mieleka hakuna, na mimi sina wa kumwomba radhi.

Wajukuu walikuwa bado wanacheka. Juu chumbani alikuwepo kaka yao mkubwa, kajifungia tangu Ijumaa, kafeli mtihani wa udereva mara ya tatu. Wanamwita Bwana Basi, eti atapanda basi mpaka azeeke. Nikasimama.

"Zimeni hiyo televisheni. Pandeni juu wote, mkakae naye mpaka atake kushuka. Na atakayemcheka, humu ndani leo hali."