Mizunguko Minne ya Matogoro

Shemeji yangu Saimon ni shabiki wa mchezo ambao nina hakika Songea nzima hakuna mwingine anayeufuatilia. Wanaume wenzake wa Matogoro wakibishana Simba na Yanga mpaka povu linawatoka, yeye hukaa kimya kama mtu anayesikiliza ugomvi wa watoto. Mchezo wake unaitwa spidwei. Pikipiki nne zinapangwa nyuma ya kamba, kamba inaruka juu, zinazunguka uwanja wa mchanga mara nne, siku zote kwa kushoto, basi. Hata kitunguu hujamaliza kumenya. Halafu zinapangwa nyingine.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "watu wazima hao wanazunguka kama mbuzi wa kigingini."

"Mbuzi akitaka kusimama anasimama, shemeji," akanijibu. "Hawa hawana breki."

Na kweli hawana, na hilo ndilo lililomteka. Saimon alijifunza ufundi zamani kwenye gereji ya misheni, chini ya bruda mmoja Mjerumani aliyekuwa shabiki wa spidwei kabla hajawa mtawa. Bruda alikuwa anatumiwa magazeti kutoka kwao, na picha za pikipiki zilizolala kwenye kona, mchanga ukiruka nyuma, zilibandikwa ukutani juu ya meza ya spana hadi zikageuka njano. Bruda alirudi kwao na akafia huko. Simu za intaneti zilipoingia, Saimon akagundua kwamba ule mchezo wa ukutani bado uko hai. Kuna ligi ya Poland, ya Sweden, ya Uingereza, na juu yake mashindano ya dunia. Akachagua timu moja ya Poland ambayo jina lake ulimi wangu hauliwezi, eti kwa sababu jezi zake ni njano kama zile picha. Tangu hapo, Jumapili akitoka misa anakula, ananunua bando, anakaa kibarazani na simu, na usimsemeshe.

Aliyekaa naye ni mwanawe Otto peke yake. Otto alikuwa mtoto wa dada yangu Kasiana, kwa hiyo mimi Dorine ndiye mama yake mdogo. Aliendesha bodaboda, kijana mpole mwenye utani wa polepole. Mimi ni fundi cherehani pale sokoni, na kila tulipokutana alipiga goti kidogo na kusema, "Shikamoo mama mdogo. Cherehani inasemaje?" Nami namjibu kwamba inalalamika mgongo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuniulizia hali ya cherehani.

Baba na mwana walikata kipande cha shamba la mahindi nyuma ya nyumba, wakakishindilia, wakakimwagia mchanga, kikawa uwanja wa duara refu. Dada alinung'unika kuhusu mahindi yake, hakuna aliyemsikia. Saimon akaunda chombo kwa vyuma chakavu, injini ya pikipiki ya zamani kwenye fremu nyembamba, gia moja, breki hakuna. Kamba ya kuanzia ilikuwa ukanda wa tyubu uliovutwa kati ya nguzo mbili. Kila mechi ya Jumapili ilipokwisha, Otto alivaa kofia yake nyekundu, Saimon akaachia ule ukanda, na kijana akazunguka mara nne huku mbwa wake Popi ameketi pembeni akimfuata kwa kichwa. Nilishayasikia maelekezo ya Saimon hadi nikayashika mwenyewe. "Ukiogopa kwenye kona, ongeza mafuta. Ukikata, inakutupa."

Mwaka jana mwezi wa nne, ligi ndiyo kwanza imeanza, Otto akafa. Haikuwa pikipiki. Ilikuwa homa, ikamchukua ndani ya wiki moja, na tukamzika mvua inanyesha.

Ilipofika baridi ya mwezi wa saba, dada Kasiana alinifuata sokoni. Alikaa kwenye stuli yangu ya wateja, hakutaka hata chai.

"Njoo Jumapili uone mwenyewe," alisema. "Usiniulize, Dorine. Njoo tu."

Nilikwenda. Saimon alitazama mechi yake hadi mwisho, akazima simu, akachukua reki na kwenda nyuma ya nyumba. Akasawazisha mchanga taratibu, akavuta ule ukanda kati ya nguzo, akaushikilia kidogo, akauachia. Ukaruka. Kwenye uwanja hakukuwa na kitu. Chombo chenyewe kilikuwa kimeegemezwa ukutani chini ya turubai, ninakiona. Nikataka kucheka, maana mimi msiba wa maigizo hunikera.

Ndipo nikamwona Popi. Alikuwa ameketi mahali pake, na kichwa chake kilikuwa kinageuka. Kiligeuka taratibu kando ya uwanja, kikaharakisha kwenye kona, kikaenda upande wa mbali, kikarudi. Kule mbali kuku wa dada walikuwa wanachakura. Wakainua vichwa, wakasogea kando, wakarudi kuchakura. Kichwa cha mbwa kilipofika tena upande ule, wakasogea tena. Ilikuwa hivyo hadi mara ya nne. Kisha Popi akainuka, akaenda kwenye nguzo akitikisa mkia, na Saimon akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo umechelewa kutoka kwenye kamba."

Nilimwambia dada kwamba mbwa ni mbwa, na kuku ni kuku. Lakini njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nageuka kutazama nyuma.

Mwezi wa tisa ukafika wakati wa kumaliza matanga. Kwenye ukoo wa Saimon matanga hayaishi hivihivi tu. Marehemu lazima apate mrithi. Asubuhi mrithi anapakwa unga kwenye paji la uso na kupewa jina la marehemu, na siku nzima kila mtu anamwita kwa jina hilo, ili mahoka, yaani wazee waliotangulia, wajue kwamba nafasi ya mtu wao imejazwa. Kabla jua halijazama, mama aliyemzaa mrithi anasimama mbele yake na kumwita tena kwa jina lake la siku zote. Akiitika, kazi imekwisha, anachukua vitu vya marehemu na kwenda navyo. Kabla hajaitika, haruhusiwi kutumia hata kijiko cha marehemu.

Aliyechaguliwa alikuwa mwanangu Selestine. Ni mmoja tu huyo niliyejaliwa. Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi na kukaa bila kazi hadi aibu ikamfanya aanze kunikwepa mezani, na bodaboda ya Otto ilikuwa bado nzima. Niliitaka ile bodaboda kwa ajili yake, sifichi. Saimon alikubali, ila kwa sharti moja.

"Atachukua zote mbili, bodaboda na chombo cha uwanjani," alisema. "Na atazunguka mara nne mbele yangu, Otto afunge msimu wake."

"Taratibu tu, shemeji," nilimwambia. "Huyu wangu si wa spidwei."

"Taratibu ndiyo inayoangusha," alisema.

Siku ikapangwa Jumapili ya fainali ya ligi ya Poland. Asubuhi shangazi Kunegunda, dada mkubwa wa Saimon, alimpaka Selestine unga na kumwita Otto. Watu wakamwita Otto akipokea maji ya kunawa, Otto akigawa pombe ya komoni, Otto sogea huku. Yeye alicheka kila mara kabla ya kuitika. Mchana akakaa kibarazani na Saimon kutazama fainali, na kila nilipopita niliona vichwa viwili vimeinamia simu moja. Timu ya njano ilipoteza kwenye mbio ya mwisho kabisa. Saimon akazima simu. Aliinuka, akachukua reki.

Jua lilikuwa limeshashuka kwenye vilima. Shangazi Kunegunda akaja na fimbo yake hadi uwanjani.

"Mrudishieni mtoto jina lake kwanza," alisema. "Hiki chombo ni cha marehemu."

"Kamba kwanza, dada," Saimon akajibu bila kugeuka. "Giza linaingia."

"Acha tu, shangazi," Selestine akasema akicheka, kofia nyekundu tayari kichwani. "Ni dakika moja."

Shangazi alinitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo, chombo kikawaka kwa kishindo, na hakuna aliyesikia tena neno la mwenzake. Nilisogea hadi kwenye nguzo. Niliuona mguu wa kulia wa mwanangu ukipapasa chini, ukitafuta kanyagio la breki. Akaniinamia sikioni.

"Mama," alisema, "hiki kitu kweli hakina breki."

Ukanda ukaruka.

Mzunguko wa kwanza alikwenda kama mtu anayesukuma toroli. Alichanua miguu, akayumba, kwenye kona ya mbali akakaribia kuingia kwenye mabua, watu wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama Popi. Kichwa chake kilimfuata Selestine vizuri tu.

Mzunguko wa pili kichwa kile kikaanza kufanya jambo jingine. Kinamfuata Selestine kidogo, kinarudi nyuma yake, kinamfuata tena, kama mbwa anayetazama vitu viwili. Nilipiga kelele asimame. Injini ilikula sauti yangu. Mzunguko wa tatu vile vitu viwili vilikuwa vimekaribiana, na kuku wote walikuwa wameshakimbilia jikoni.

Kwenye mzunguko wa nne, mwanangu ambaye hajawahi kulaza hata baiskeli alikilaza kile chombo ubavu kabisa. Mguu wa kushoto ulikuwa mbele, mabega yameinuka, mchanga unaruka nyuma yake, vilevile kama picha za bruda. Wanawake wakapiga vigelegele. Saimon alikuwa analia waziwazi, mikono ikining'inia. Mimi sikupiga kigelegele. Nilijua mwendo ule si wa mtoto wangu, kama ninavyojua kitambaa kwa kukishika.

Akakata moto baada ya nguzo, chombo kikajiendea chenyewe na kusimama mbele ya Saimon. Akavua kofia. Unga ulikuwa bado kwenye paji la uso.

"Baba," alisema. Selestine siku zote alimwita baba mkubwa. "Leo nimetoka vizuri kwenye kamba?"

"Umetoka vizuri," Saimon alisema.

Kisha akaniona. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama mdogo," alisema. "Cherehani inasemaje?"

Shangazi Kunegunda alinisukuma mgongoni kwa ile fimbo. "Mwite. Mwite jina lake sasa hivi."

Nikamwita. Nilimwita Selestine kwa sauti ninayomwitia tangu akiwa anatambaa. Hakuitika. Alinitazama kwa huruma, akageuza shingo kutazama uwanja nyuma yake, kama mtu aliyeulizwa habari za mwenzake.

"Alikuwa nyuma yangu, mama mdogo," alisema. "Bado anakuja."

Nikamtazama Popi. Hakuwa amekuja kwenye nguzo wala hakutikisa mkia. Alikuwa ameketi palepale pembeni, injini imezimwa, uwanja mweupe hauna mtu, na kichwa chake kilikuwa bado kinageuka.

Watu wana maneno yao. Wapo wanaosema ni majonzi, kijana ameigiza hadi akazama, atarudi. Padri alikuja, akasali, akaniambia nivumilie. Daktari alimuuliza maswali na kumwona mzima. Na ni mzima. Anaishi kwa dada Kasiana, anaendesha bodaboda ya Otto, abiria wanampenda, na kila akipita sokoni anaulizia cherehani yangu. Dada yangu anampikia na hanitazami usoni. Simlaumu wala simsamehe. Angekuwa wangu ndiye aliyerudishwa mezani, hata mimi ningefunga mlango asitoke tena.

Ligi imeanza tena. Timu ya njano inafanya vizuri, nasikia, na kibarazani wako wawili kama zamani. Mechi ikiisha Saimon anachukua reki na kuvuta ukanda wake, nami ninakuwa nimeshafika. Nakaa chini karibu na Popi. Ukanda ukiruka, naangalia kichwa cha mbwa kikienda kona ya mbali, kikirudi, na kadiri kinavyogeukia upande wangu nainuka hadi ukingoni mwa mchanga. Mara ya nne ikipita, yule wa kibarazani anaingia ndani kula, Saimon anakunja ukanda, lakini Popi haachi, wala mimi siachi.

Najua mwanangu kule uwanjani anaogopa. Tangu mdogo akiogopa hujikaza. Atakuwa anaongeza mafuta kila kona kama alivyomsikia Saimon akisema, na ndiyo maana hasimami. Kwa hiyo kichwa cha Popi kikifika kwangu namwita kwa jina lake, namwambia, "Kata mafuta, Selestine. Kata, mwanangu, ikutupe. Niko hapa chini."