Siku Nilipolipaka Mafuta Jicho la Mashine

Walikuwepo Bwana Salim, meneja wetu. Bwana Njoroge, mkurugenzi kutoka Nairobi. Dama, mwenzangu wa meza ya kuchagua korosho. Na mimi Kadzo wa Tezo, niliyetamani sakafu ya kiwanda ipasuke inimeze.

Miaka ile ya themanini mameneja wengine hawakutaka kusikia habari ya mashine yenye akili, na wengine waliitaka ili wapunguze watu, lakini Bwana Salim alituita kwanza akatuambia, "Ikija, hafukuzwi mtu. Macho yenu yapumzike tu." Mkurugenzi alikuja kuiona ikijaribiwa, na asiporidhika ingerudishwa. Ilikuwa na jicho la kioo, ikiona korosho iliyoungua inaipuliza pembeni kwa upepo.

Basi mimi (niliyeacha shule darasa la tano wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu) nikaliona lile jicho lina vumbi, nikasema wageni wasije wakatuona wachafu, nikalifuta kwa ncha ya leso, leso ile ile niliyofutia mikono asubuhi baada ya kuwapaka hao wadogo zangu mafuta ya nazi.

Ikawashwa. Jicho likaona kila korosho ni nyeusi, mashine ikazipuliza zote, nzuri na mbaya, nami kwa kiherehere changu nikakimbia kuizima nikazungusha kitufe kisicho chenyewe, upepo ukazidi, korosho zikampiga mkurugenzi kifuani na moja ikatumbukia kwenye chai yake.

"Haya Kadzo, mtilie na sukari," Dama akaninong'oneza.

Bwana Salim akaizima. Mkurugenzi akakung'uta koti. "Salim, hii ndiyo mashine yenye akili?"

"Ni mimi, bwana," nikasema. "Nimelipaka mafuta jicho." Nikajua kazi imekwisha, na wadogo zangu sijui watakula nini.

Bwana Salim akainama, akakichungulia kioo. "Kosa ni langu. Nimeileta bila kuwaonyesha watakaoshinda nayo jinsi ya kuitunza." Akatoa kitambaa kikavu, akanipa mimi, mbele ya wote. "Futa tena, binti yangu. Polepole."

Nikafuta. Safari hii zikapulizwa zilizoungua tu. Mkurugenzi akauliza nani ataiangalia kila siku, Bwana Salim akaninyooshea kidole.

Tangu hapo sigusi kitu nisichokijua kabla ya kuuliza. Mashine ilibaki, nasi sote tukabaki, na wadogo zangu wakamaliza shule kwa kazi ile. Lakini siku hiyo aibu ilinifunga mdomo, kesho yake nikaona muda upo, kisha Bwana Salim akahamishiwa Mombasa, na ahsante yake ningali nayo mimi.