Kichaka Alichokilinda Melkizedeki

Melkizedeki alikuwa mkaidi, nasi majirani zake tulimcheka kabla hatujajua kumhurumia.

Zamani tuliishi ukingoni mwa hifadhi ya msitu, upande wa Itigi. Mtafiti mmoja, Bwana Anselm, alizungushia waya kipande cha kichaka, akamwajiri Melkizedeki akilinde. Nje ya waya tuliruhusiwa kukata fito na kuni kama kawaida. Ndani, hata kijiti cha kuchokolea meno hapana. Baadaye Bwana Anselm angelinganisha pande hizo mbili, ajue panga zetu zinakiumiza kichaka kiasi gani.

"Usiondoke hapa mpaka nirudi," alimwambia.

Mwaka wa sabini na nne tukahamishwa wote kwenda kijiji cha ujamaa, mbali, kando ya barabara. Yustina, mkewe, akafunga mizigo, mtoto mgongoni.

"Baba Leah, twende. Huyo bwana wako mwenyewe yuko wapi?"

"Ahadi ni deni," akajibu. Lori likaondoka bila yeye.

Bwana Anselm alikuwa amekwama mjini. Mara kibali hakijasainiwa. Kimesainiwa, petroli hakuna. Yustina alimfuata mumewe mara mbili kumbembeleza, kisha akachoka. Mimi nilipita huko miaka kadhaa baadaye kurina asali, nikamkuta anazungumza na sufuria. Iliniuma sana. Akaniuliza, "Leah anatembea sasa?"

"Anachunga mbuzi," nikamwambia. Akainama, akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Hatimaye Bwana Anselm akaja. Akazunguka ndani ya waya, akazunguka nje, akarudi amenyong'onyea.

"Ndugu Melkizedeki, pande zote ni sawa. Tangu watu wahamishwe, hata huku nje hakuna aliyekata. Sina cha kulinganisha."

"Lakini mimi sikugusa hata ufito."

"Najua. Hakuna aliyegusa."

Wakakunja waya pamoja, wakaupakia garini. Hasira ninayo mpaka leo, ila sijui nimkasirikie nani.

Jioni hiyo Melkizedeki akafika kijijini na mzigo wake kichwani. Leah akamwamkia shikamoo, kama anavyomwamkia mzee yeyote apitaye, akaenda kufungia mbuzi. Yustina akamtolea kigoda, akampa maji. Akangoja amalize kunywa, ndipo akauliza kwa upole:

"Utakaa kwetu siku ngapi?"