Kopo la Hereni Wajane

Nyinyi mliokulia Tunduma kabla simu hazijaingia mifukoni mtanielewa. Vumbi la malori lilikuwa poda yetu, karanga za kuchemsha kutoka Isansa zilikuwa pipi, na rede tulicheza mpaka mpira wa soksi upasuke. Kitu kipya kilikuwa cha Krismasi tu, tena ukibahatika.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, barazani kwetu karibu na stendi. Katika zile pilikapilika za mpakani, za kupanda magari na kubeba mizigo, wanawake walikuwa wakipoteza hereni moja moja, na ile iliyobaki walimletea mama. Yeye aliziita wajane. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na mikufu iliyokatika na bangili za shaba zilizopinda. Humo mjane mmoja alitoka akiwa kifungo cha gauni, mwingine kibanio cha nywele, na mkufu ukashonwa kwenye shingo ya blauzi. "Kitu hakifi mpaka mimi nikubali," alikuwa akisema, uzi uko mdomoni. Wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, waliomwita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, walivuka mpaka kwa ajili ya vifungo vyake tu. Leo vijana wananiambia huo ni ubunifu, na wanalipia semina kufundishwa. Sisi tuliuita umaskini, tukanyamaza.

Mwaka nilipokuwa darasa la tatu nilichaguliwa kusema mistari ya Krismasi mbele ya kanisa zima. Viatu vyangu vilikuwa sendo nyeusi za plastiki zilizombana kaka yangu. Nililia siku mbili. Mama akapekua kopo, akatoa hereni mbili zisizojuana, moja ya jiwe jekundu, nyingine ua la bluu, akazifunga kwa waya juu ya zile sendo. Jamani! Nilizivaa ndani ya nyumba mpaka baba akauliza kama naenda ikulu.

Asubuhi ya Krismasi, tukielekea kanisani, tulipita dukani kwa Mama Zawena kumsalimia. Alikuwa Mwislamu wa Kigoma, muuza vitenge, jirani yetu wa miaka mingi. Kabla sijamaliza shikamoo yangu, macho yake yalishafika miguuni.

"Mama Neema, hilo jiwe jekundu si hereni yangu? Mwenzake nimempata juzi kwenye pindo la baibui! Niliona haya kuja kuuliza, nikajua umeshaikatakata."

Ilikuwa pea aliyoachiwa na marehemu mama yake.

"Neema, vua," mama akasema. "Mwenyewe kapatikana."

"Muache mtoto aende nayo kanisani kwanza," Mama Zawena akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umeshashika sikio lililo tupu, na machozi yanamlengalenga. Mimi nilitaka ile hereni kuliko kitu chochote duniani. Nikavua sendo, nikampa mama afungue waya.

Kanisani niliuficha mguu usio na pambo nyuma ya mwenzake, nikawa najipindapinda. Mzee wa kanisa akadhani nimebanwa na mkojo, akanishika mkono anitoe nje kabla sijafika kwa mamajusi. Niligoma. Nilimaliza mistari yangu kwa sauti ya kulia, na kanisa likacheka, likapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata wasichana watatu walikuja na ua kwenye kiatu kimoja, mmoja akaniuliza kama amekosea mguu.

Binti yangu leo hereni ikimpotea, iliyobaki anaitupa, anaagiza nyingine kwa simu, na bodaboda inapiga honi mlangoni kabla chai haijapoa. Simlaumu, ndiyo dunia yao. Ila Mama Zawena, kila nilipopita dukani kwake nikitoka shule, aliacha wateja wake, akageuza kichwa kulia, kisha kushoto, ili nizione zote mbili. Siku hizi navaa viatu nipendavyo, pea kamili, kutoka Vwawa mpaka mpakani, na hakuna mtu anayenigeuzia kichwa hivyo.