Bakuli la Tatu la Kostiki

Harufu ya mawese yanayopashwa moto huingia mpaka kwenye nywele, na nyumba yetu ya Simbo ilinuka hivyo tangu niweze kukumbuka. Mama alikuwa mpika sabuni. Alikorogea nyuma ya nyumba, katika pipa lililokatwa nusu: ndoo nzima ya mawese na mabakuli mawili ya kostiki, zile chenga nyeupe za kutoka soko la Mwanga ambazo ukizitia kwenye maji huyachemsha bila moto. Hakuwa na mizani. Hata hivyo sabuni yake ilinunuliwa mpaka Mwandiga bila mtu kuuliza swali, na jina hilo zuri ndilo alilojivunia kuliko kitu chochote.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu, na kemia ilikuwa inanitoa jasho. Mwalimu wetu, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alitupa swali la aina moja kwa majuma matatu: vitu viwili vimepimwa kwa gramu na kuchanganywa, kipi kitaisha kwanza na kuisimamisha kazi? Kila mara nilichagua chenye gramu chache. Mara moja moja nilipata vema kwa bahati tu, na hizo vema chache ndizo zilizonipoteza, kwa sababu zilinifanya niiamini njia yangu; nyingine zote zilikuwa kosa. "Binti, badili gramu kuwa moli kwanza," alisema. Nikauliza moli ni nini hasa. Akajibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nilikaa chini nimefura kwa hasira, nikijiuliza, kama asiyejua haambiwi, basi shuleni tulifuata nini.

Jumamosi moja nikamkuta Mama akipima, nikaona hapa walau naweza kuwa mjuzi. Nikamwambia kostiki ni kidogo mno kuliko mafuta, itaisha kwanza, na mafuta mengi yatabaki bure. Alisimama na mwiko mkononi. "Una hakika? Mimi siku zote natia mawili." Nikamjibu kwamba ndivyo tunavyofundishwa. "Haya, wewe ndiye uliyesoma, mwanangu," akasema, akatia bakuli la tatu. Sabuni mbichi huuma mikono hata ikiwa nzuri, kwa hiyo ilipotuuma hatukushtuka. Ilipokauka ikatoa unga mweupe, Mama akadhani ni vumbi, akaiuza. Siku ya pili jirani yetu Mama Neema, aliyekuwa amefulia nepi za mwanawe, alikuja na viganja vilivyobabuka na kipande chake cha sabuni. "Mama Ashura, hii kapika nani? Huu si mkono wako." Mama akasema, "Ni yangu." Hakunitaja. Afadhali angenichapa.

Jioni ile nilifungua daftari kwa hasira na kuanza upya, na safari hii nikaona. Gramu hupima uzito tu, wala hazisemi chembe ni ngapi; moli ndiyo inayozihesabu. Chembe ya mafuta ni nzito sana, ya kostiki ni nyepesi, hivyo kostiki kidogo kwenye mizani ni chembe nyingi mno, na mabakuli mawili yalikuwa yakitosha siku zote; la tatu lilikosa mafuta ya kuungana nayo, likabaki ndani ya sabuni, likatoka kama ule unga mweupe na kuunguza viganja. Jaribio lililofuata nilipata yote, na sikufurahi hata kidogo.

Leo mimi ni mfamasia, napima kwa mizani, na kosa lile sijalirudia. Mama bado anapika, na wateja walirudi polepole. Lakini kila anapotaka kutia kostiki hunipigia simu. "Nitie mawili?" Namwambia, Mama, anayejua ni wewe. "Niambie tu," anasema. Nimemkasirikia, nimembembeleza, wapi. Mwaka jana niliamua nisipokee, ili atie mwenyewe. Nilipompigia jioni, mafuta yalikuwa yamepoa na kuganda pipani, naye alikuwa bado amekaa kando yake, ananisubiri.